Jeremy Hana Kazi, Brian Hana Njaa

Kuna aina mbili za utani kuhusu msee anayecheza gemu kutoka asubuhi hadi usiku. Wa kwanza unasema: mwoneni huyu, anajiona staa na hata jirani hamjui. Wa pili unasema: hebu tujifanye kweli ni staa, tuone dunia itakaa aje. Utani wa kwanza ulizaa Pure Pwnage, tamthilia iliyoanza Toronto, Kanada, mwaka 2004. Wa pili ulizaa Video Game High School, iliyotoka Marekani kati ya 2012 na 2014. Zote ni vichekesho vya mtandaoni, zote zimeigizwa na watu wenye miili na nguo wala si katuni, na zote zinahusu vijana wanaoamini kwamba kushinda gemu ni jambo zito. Nimezitazama moja baada ya nyingine mwezi huu, bando baada ya bando, na nimetoka na maoni ambayo mashabiki wa ile ya pili hawatapenda. Ile ya kwanza, yenye picha mbovu na mdomo mchafu, ndiyo inayojua kitu kuhusu maisha yetu.

Lakini tuanze na VGHS, kama mashabiki wanavyoiita, kwa sababu ni rahisi kuipenda. Brian, anayeigizwa na Josh Blaylock, ni kijana asiye na jina anayecheza gemu ya kupigana risasi akiwa nyumbani kwake. Katika mechi inayorushwa kwenye televisheni, anamuua The Law, bingwa anayeabudiwa na kila mtu, karibu kwa bahati tu. Hapo hapo anakuwa gumzo, na anaitwa kujiunga na shule ambayo masomo yake ni gemu. Kuna wanaosomea gemu za bunduki, kuna wa magari ya kudrifti, kuna wa zile gemu za muziki ambazo unabonyeza vitufe ukifuata mdundo. Mechi zinatangazwa kwa mbwembwe unazozijua kama umewahi kusikiliza Mashemeji Derby redioni. Hakuna mtu anayesimama na kuuliza, "Kwani hii si mchezo tu?"

Hapo ndipo penye ujanja wa hii tamthilia. Ukishaondoa hilo swali, unaweza kucheka na wachezaji bila kuwacheka. Kijana akilia kwa sababu amepoteza mechi, tunacheka kwa sababu analia vibaya, kama tunavyomcheka mtu yeyote anayelia vibaya. Hatuambiwi kwamba alikosea kujali.

Na kuna jambo la kiufundi ambalo sijaona tamthilia nyingine ya gemu ikilifanya vizuri hivi. Mechi zenyewe hazionyeshwi kama picha za kompyuta. Waigizaji wanavaa magwanda, wanashika bunduki, wanakimbia kwenye vumbi halisi, vitu vinalipuka. Halafu ghafla tunarudishwa kwa yule yule mtu akiwa ameketi, vidole kwenye kibodi, macho yamemtoka. Freddie Wong na wenzake wa RocketJump walikuwa wamejijengea jina YouTube kwa video fupi za milipuko ya kubuni, na hapa ufundi huo unapata maana. Ukimtazama rafiki yako akicheza, unaona mtu amekunja mgongo. Yeye mwenyewe yuko vitani. VGHS inakuweka upande wake, na hiyo ni heshima kubwa kuliko hotuba yoyote ya kutetea gemu.

Watu waliilipia heshima hiyo. Kwa msimu wa kwanza, RocketJump waliomba dola 75,000 kwenye Kickstarter wakapata zaidi ya 270,000. Kwa msimu wa pili mashabiki walichanga zaidi ya 800,000. Halafu vipindi vikatolewa bure mtandaoni. Yaani watazamaji walitoa pesa zao ili hata yule asiyekuwa nazo aone.

Mhusika ninayempenda zaidi ni Ted. Baba yake ni gwiji wa gemu za muziki, na anataka mwanawe afuate nyayo. Ted roho yake iko kwenye magari. Fikiria vile hiyo inachekesha ukiwa umelelewa hapa. Wametengeneza dunia nzima ambayo gemu ni taaluma ya heshima, na bado kuna mzee nyumbani anayesema, "Hapana, hiyo si gemu ya kusomea, somea hii." Ni ule ule wimbo wa udaktari na uhandisi, ila ala zimebadilishwa. Utamu unaongezeka ukijua kwamba baba huyo anaigizwa na Freddie Wong mwenyewe, na Ted anaigizwa na Jimmy Wong, ambaye ni mdogo wake wa damu. Tofauti yao ya umri haitoshi hata kidogo kuwa baba na mwana, na tamthilia haijisumbui kuificha.

Jenny Matrix naye ana mzigo kama huo. Ni mmoja wa washambuliaji hatari kabisa shuleni, na katika msimu wa pili mama yake anakuja kuwa kocha wa timu. Mama huyo anamtazama binti kama kocha anavyotazama mchezaji: umefunga ngapi, umekosea wapi. Johanna Braddy anamwigiza Jenny bila kumfanya mtoto wa kuhurumiwa. Anakaza uso, anarudi mazoezini, na wewe unayetazama ndiye unayeumia kwa niaba yake.

Kwa hivyo VGHS si tamthilia ya kitoto tu. Inajua kwamba hata ukiigeuza dunia juu chini, wazazi hawageuki. Shida yangu iko kwingine.

Shuleni kwao kuna orodha ya alama. Ukiwa juu, watu wanakupisha. Ukishuka chini kabisa, unafukuzwa. Orodha hiyo ndiyo inayosukuma hadithi, na inachukuliwa kuwa ya haki isipokuwa pale mtu fulani anapocheza faulo. Katika VGHS, mtu huondoka shuleni kwa sababu ameshindwa au kwa sababu ya njama. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Alama zangu zilikuwa sawa. Karo iliisha kwanza, halafu hamu ikaifuata. Darasani kwetu walioondoka kabla ya kumaliza hawakuwa wajinga kuliko waliobaki, na mmoja wao ndiye aliyekuwa akitufundisha sisi wengine hesabu usiku wa kuamkia mtihani. Mtaani kwetu watu wengi hutoka kwenye mashindano wakiwa bado wanashinda.

Hilo VGHS haliwezi kulifikiria, kwa sababu dunia yake haina bei. Mashine ziko, intaneti iko, chakula kiko. Brian anaweza kudhulumiwa, kutengwa, kuvunjwa moyo, lakini njaa haimo katika hadithi yake kama kitu kinachoamua chochote. Tamthilia ilijengwa juu ya maelfu ya dola zilizochangwa kwa upendo, na ndani yake hakuna anayewahi kuchangisha kitu. Ukiitazama ukiwa na tokeni za stima zilizobaki za siku moja, unaipenda vile unavyopenda dirisha la duka la viatu.

Sasa twende kwa Jeremy.

Pure Pwnage ilianza kabla YouTube haijazaliwa. YouTube ilikuja 2005. Geoff Lapaire na Jarett Cale walikuwa tayari wanaweka vipindi kwenye tovuti yao, unapakua faili nzima, unangoja, halafu unampa rafiki. Umbo lake ni la makala feki, yaani inajifanya ni filamu ya maisha halisi. Kyle ameamua kumrekodi kaka yake Jeremy, ambaye anadai ni mchezaji wa kulipwa. Cale ni Jeremy. Lapaire ni Kyle, na muda mwingi tunamsikia tu, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika kamera.

Jeremy ana kipaji. Hilo tamthilia haitanii: vidole vyake ni vya ajabu, hasa kwenye gemu za kuongoza majeshi. Ana kiburi cha mtu mwenye kipaji, anawaita wengine wote mafala wasiojua kucheza, na anaeleza mapenzi, urafiki na hata kutembea barabarani kwa lugha ya gemu. Kitu ambacho hana ni mtu yeyote wa kumlipa. "Mchezaji wa kulipwa" kwake ni jina la kazi ambalo amejipa mwenyewe. Tunacheka kwa sababu tunaona pengo kati ya jina na chumba alichomo.

Rafiki yake Doug ndiye aliyetoa kichekesho kilichosambaa kuliko tamthilia yenyewe, lakini kile ninachokikumbuka mimi ni cha kisu. Katika Counter-Strike, ukishika kisu badala ya bunduki unakimbia kasi zaidi. Kila mchezaji anajua hilo. Doug anaeleza kwa utulivu, kama mtu anayekupa ushauri wa afya, kwamba hata katika maisha ya kawaida yeye hushika kisu anapokimbia, kwa sababu mtu mwenye kisu hukimbia haraka. Joel Gardiner anayasema hayo macho yakiwa wazi, bila kutabasamu hata kidogo.

Kwa nini kinachekesha hivyo? Kwa sababu Doug hana kichaa. Amejifunza sheria ya kweli, ameifanyia mazoezi maelfu ya mara, imempa ushindi, kisha ameibeba hadi mahali ambapo haifanyi kazi. VGHS ingemsaidia Doug kwa kubadilisha mahali: ingemjengea dunia ambayo kisu kweli kinaongeza mbio. Pure Pwnage inamwacha pale barabarani na kisu chake. Mimi namjua Doug. Ni yule jamaa aliyepata A ya Fizikia na sasa anaeleza nguvu za mvutano akiwa anapakia mawe kwenye lori. Ni mimi nikiwa kwenye mazishi ya ukoo, mjomba akiuliza, "Siku hizi unafanya nini?" Nikamjibu, "Naandika, mjomba." Akatikisa kichwa kwa upole, akasema, "Sawa, na kazi?" Jibu langu lilikuwa kweli tupu. Sema nilikuwa nimelibeba hadi mahali ambapo halikimbii.

Mtu anaweza kunipinga hapa, na hoja yake ina nguvu. Anaweza kusema utani wa Jeremy ulishapitwa na wakati. Hata mwaka 2004, kilichokuwa kichekesho Toronto kilikuwa ajira Seoul: Korea Kusini ilikuwa na chaneli za televisheni za kurusha mechi za StarCraft, wachezaji wakiwa na timu na mashabiki wa kupiga mayowe. Mwaka 2011, Valve walitoa dola milioni 1 kwa timu iliyoshinda mashindano ya kwanza ya The International ya Dota 2. Mwaka 2013, msimu wa pili wa VGHS ukitoka, Marekani ilianza kuwapa wachezaji wa League of Legends viza ya wanamichezo. Kwa hesabu hiyo, VGHS ilitabiri na Pure Pwnage ikabaki nyuma ikicheka.

Nakubali tarehe zote hizo. Bado nasema dunia iliyokuja inafanana na ya Jeremy kuliko ya Brian. Pesa zilikuja, zikakaa juu. Chini yake wamejaa vijana wanaojiita wachezaji wa kulipwa na hakuna wa kuwalipa. Na hata huko juu, kipaji hakitoshi. Mwaka 2019, Arslan Ash wa Pakistan alishinda Evo Japan kwenye Tekken 7, halafu akashinda na Evo yenyewe Marekani, na sehemu kubwa ya habari yake ilikuwa safari za ndege na mahangaiko ya viza, kabla hajagusa kitufe. Hapa kwetu Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya kimataifa, XiT Gaming, mwaka 2018 akicheza hiyo hiyo Tekken, na watu walishangilia kwa sababu tulijua ni mlango mwembamba kiasi gani. Mchezaji aliye Nairobi mara nyingi anacheza kwenye seva iliyo nchi nyingine, wakati mwingine bara lingine, na amri yake inafika ikiwa imechelewa. Anapigwa risasi na mtu ambaye bado hajamwona kwenye skrini yake. VGHS, pamoja na milipuko yake yote, haina tukio hilo, na kwetu hilo ndilo tukio la kila jioni.

Nisiipambe Pure Pwnage kupita kiasi. Matani yake mengi ni ya 2004 na yanakwaruza sikio la leo. Wanawake ni wachache, na hata Anastasia, ambaye ana akili kuliko wanaume wote waliomo, mara nyingi yupo ili Jeremy awe na mtu wa kumtaka. Katika hilo VGHS imeiacha mbali sana, kwa sababu Jenny na Ki wana malengo yao ambayo hayamhusu mvulana yeyote. Sauti nayo ni mbovu mahali pengi. Televisheni ya Showcase ilipoichukua mwaka 2010, ilidumu msimu mmoja wa vipindi nane, na filamu iliyofuata mwaka 2016 ilitegemea pesa za mashabiki waliokuwa wamekua watu wazima. Kwa ufupi, Jeremy hakuwahi kutoboa kabisa, hata nje ya hadithi.

Lakini ina Kyle, na Kyle ananifanya nisiiache. Fikiria kazi yake. Kaka yako haajiriki, anakutukana, anaamini yeye ni jenerali. Unaweza kumwambia atafute kazi. Unaweza kuhama. Kyle anachukua kamera na kumuuliza swali, anangoja jibu, anauliza lingine. Hamsifu na wala hamkanushi sana. Wakati mwingine unasikia uchovu kwenye sauti yake. Mara nyingi kamera inabaki usoni mwa Jeremy akicheza, hatuoni vita vyovyote, tunaona tu mtu aliyezama katika kitu anachokiweza kuliko kitu kingine chochote duniani. VGHS ilihitaji milipuko ili tuamini kwamba huyu yuko vitani. Kyle anakaa tu na kaka yake hadi tuamini.

Sidhani nimewahi kuona tamthilia ikieleza vizuri zaidi kile ambacho mtu asiye na cheo anakihitaji nyumbani. Ted anakitafuta kwa baba yake, Jenny kwa mama yake, katika dunia iliyotengenezwa makusudi ili wasikikose, na wanakikosa. Jeremy hana chochote, ila hicho anacho.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu. Tazama VGHS msimu wa kwanza ukiwa na marafiki, mcheke, mshangae vile walivyopiga picha. Halafu siku uko peke yako, tafuta vipindi vya mwanzo vya Pure Pwnage, uvumilie sauti.

Na wale wanaotengeneza vichekesho hapa Nairobi, wenye simu nzuri na marafiki wasiolipwa, naomba kitu. Tumechoka na skiti za mathe akimfumania mtoto na padi halafu kandambili inaruka. Nendeni kwenye banda la PS, lile la mabati, gemu moja shilingi kadhaa, mshindi anabaki. Pale mlangoni kuna jamaa ameshika simu akihesabu dakika. Anajua nani anadaiwa, nani ametoroka shule, nani akiguswa kidogo tu atavunja padi. Anajua pia kwamba yule kijana mdogo wa sare ya kijani hajapoteza mechi tangu Jumatatu, na kwamba sarafu zake zitaisha kabla ya mtu yeyote kumfunga. Mwekeni huyo jamaa nyuma ya kamera, aanze kumuuliza maswali.